Wapiga gitaa Kitale, Bungoma: Je, mashine ya kidijitali yaweza kujibu mkono kama valvu?

MPIGA gitaa aliyewahi kucheza kupitia amplifaya ya valvu, hata mara moja tu, hukumbuka jambo moja kuliko mengine yote: mashine ile humjibu. Akiugusa uzi kwa upole, sauti hutoka laini na safi. Akiukaza mkono, sauti hunenepa, ikapata ukali kidogo, kisha ikatulia polepole kana kwamba inavuta pumzi.

Jambo hilo ndilo linalowafanya wanamuziki wengi duniani kung'ang'ania teknolojia ambayo watengenezaji wa redio na televisheni waliiacha miongo mingi iliyopita. Ndilo pia linalozua swali kwa wapiga gitaa wa Kitale, Bungoma na miji iliyo kati yao: je, mashine ndogo ya kidijitali, inayoweza kubebwa begani, yaweza kumpa mchezaji jibu lilo hilo?

Swali hili si la anasa. Mwanamuziki anayejipatia riziki katika harusi, ibada, matanga na hoteli hununua chombo kimoja kwa akiba ya miaka kadhaa. Akinunua kisichomfaa, huenda akakitumia muda mrefu bila kuelewa ni kwa nini mkono wake, uliosifiwa nyumbani, hausikiki jukwaani.

Jibu fupi ni kwamba mashine hiyo yaweza, lakini kwa masharti. Masharti yenyewe hayahusu sana jina la kampuni lililoandikwa ubavuni. Yanahusu zaidi jinsi mashine inavyojaribiwa kabla ya kununuliwa, na jinsi inavyounganishwa baadaye.

Katika makala haya, mashine ya kidijitali inayoiga mlio na tabia ya amplifaya itaitwa kiigizi.

Mguso wa magharibi

Eneo la magharibi mwa Kenya lina sababu yake lenyewe ya kulijali suala hili. Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia wana litungu, ala ya nyuzi saba inayochezwa kwa vidole. Ala hiyo haina umeme wala kitufe. Ukali na upole wa sauti yake hutegemea mguso wa mchezaji peke yake.

Gitaa lilipoenea katika eneo hilo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanamuziki wa jamii za Waluhya waliunda mtindo uitwao omutibo. Jina linalohusishwa nao zaidi ni la George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963. Katika mtindo huo, kidole gumba huendesha besi kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikichonga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Pembeni, mwenzake hugonga chupa ya soda ili kushika mapigo. Kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore liliufikisha mtindo huo hadi Uingereza.

Katika miaka ya 1960, Daudi Kabaka na wenzake waliorekodi katika studio za Equator Sound jijini Nairobi waliuingiza mguso huo katika gitaa la umeme na mdundo wa twisti. Wimbo wake Helule Helule ulivuka bahari, ukarekodiwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka wa 1968.

Jambo la kuzingatia ni kwamba muziki huu hautegemei mkwaruzo mkali unaosikika katika roki. Sauti yake ni safi, lakini si safi kama maji yaliyochemshwa. Gumba linapopiga besi kwa nguvu, sauti hukaribia kukwaruza bila kufika huko. Kidole cha shahada kinaporudi kwenye nyuzi nyembamba, hung'aa tena. Mchezaji huishi katika ukingo huo.

Ukingo huo ndio mtihani mgumu kwa kiigizi chochote. Kuiga kelele ni rahisi, kwa kuwa kelele huficha mengi. Kuiga sauti iliyo karibu kukwaruza, inayobadilika kila mkono unapobadilika, ni kazi nyingine kabisa. Hata hivyo, sauti zinazotangulizwa mashine hizi zinapowashwa dukani, mara nyingi huwa za mkwaruzo mzito na mwangwi mrefu. Mnunuzi wa Bungoma anayesikiliza sauti hizo hujifunza machache kuhusu chombo anachokihitaji.

Valvu hufanya nini?

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna sehemu inayopashwa moto hadi ikang'aa rangi ya chungwa. Joto hilo huachilia chembe za umeme ziitwazo elektroni, nazo hukimbilia bamba la chuma lenye volti nyingi, ambazo katika amplifaya za gitaa huweza kupita 400.

Katikati ya safari hiyo pana wavu mwembamba. Umeme dhaifu unaotoka kwenye sumaku za gitaa ukifika hapo, hufungua na kubana njia ya elektroni. Hivyo mkondo mkubwa huufuata mtikisiko mdogo wa uzi, na sauti hukuzwa.

Tofauti na saketi nyingi za transista huonekana pale amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake. Transista hukata kilele cha wimbi la sauti ghafla, mfano wa panga likatalo muwa. Valvu huanza kulibonyeza wimbi mapema, kidogo kidogo, hata sikio lisijue ni wapi usafi ulikoishia na ukali ulikoanzia.

Kuna tabia ya pili, ambayo mkazi yeyote wa nchi ya mahindi ataielewa. Kinu cha kusaga kinapowashwa kijijini, balbu za nyumba za jirani hufifia kwa muda mfupi, kisha hurejea. Katika amplifaya kadhaa za valvu, hali hiyo hutokea ndani ya mashine yenyewe. Mchezaji akipiga nyuzi kwa nguvu, valvu hudai mkondo mwingi, volti hushuka kidogo, kisha hupanda tena. Matokeo ni kwamba mwanzo wa noti hubanwa na mkia wake huchanua.

Kasoro hiyo, kwa kuwa kihandisi ni kasoro, ndiyo inayowafanya wachezaji kusema kuwa uzi "unasukuma nyuma". Amplifaya haizidishi sauti tu. Inashirikiana na mkono kuifinyanga.

Tabia ya tatu inatokana na spika. Spika ya gitaa yenye kipenyo cha inchi 12 haitoi sauti zote. Ikipita mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, nguvu zake hushuka kwa kasi, na kwa hivyo mikwaruzo mikali hukatwa kabla ya kumfikia msikilizaji. Isitoshe, spika kubwa iliyo karibu hutikisa hewa, hewa hutikisa uzi, na noti hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Mzigo wa kumiliki valvu

Kama valvu ni tamu kiasi hicho, kwa nini mtu atafute kingine? Sababu za kufanya hivyo ni nzito, na katika njia ya Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye hadi Bungoma, uzito wake husikika mgongoni.

Amplifaya aina ya Fender Twin Reverb huwa na uzani wa karibu kilo 29. Vox AC30, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, huweza kupita kilo 30. Huo ni mzigo wa watu wawili, nao haupandi bodaboda kwa usalama. Ndani yake mna vioo vyembamba ambavyo mitikisiko ya barabara mbovu havivipendi.

Aidha, valvu huchakaa. Zile za nguvu zinazotumiwa mara kwa mara hubidi kubadilishwa, na viwanda vinavyozitengeneza ulimwenguni leo vinahesabika kwa vidole, hasa katika nchi za Slovakia, Urusi na Uchina. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka wa 2022 na biashara na Urusi ikavurugika, wanamuziki wa Ulaya na Marekani walikimbilia kununua za akiba. Ikiwa wao walihangaika, mpiga gitaa wa Bungoma mwenye valvu moja iliyokufa usiku wa kuamkia harusi ana taabu zaidi.

Suala la umeme nalo halipuuziki. Kenya hutumia volti 240, ilhali amplifaya zilizotumika zinazotoka Marekani huundwa kwa volti 120 na za Japani kwa volti 100. Kuichomeka mojawapo ukutani bila transfoma ya kupunguza volti ni kuiangamiza. Pia volti zinazopanda na kushuka, au jenereta isiyotulia, hubadilisha joto la valvu na sauti yake papo hapo.

Zaidi ya yote kuna hatari kwa uhai. Kapasita za amplifaya ya valvu huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi aliyezoea redio za transista, zinazotumia volti chache, asiifungue mashine hiyo bila ujuzi wa kuziondolea kapasita umeme wake.

Safari ya viigizi

Jitihada za kuiga valvu kwa hesabu za kompyuta zilishika kasi katika miaka ya 1990. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa chombo cha VG-8 mwaka wa 1995. Mwaka uliofuata, Line 6 ya California ikatoa amplifaya yake ya kuiga, na mwaka wa 1998 ikaja na POD, kijisanduku chekundu chenye umbo la haragwe ambacho kilizifikia studio nyingi za nyumbani.

Vyombo hivyo vya awali vilifanana na valvu kwa mlio, lakini si kwa mguso. Wachezaji walilalamika kuwa sauti ilikuwa kama picha iliyobandikwa juu ya gitaa: nzuri kuitazama, lakini haisogei. Sifa mbaya ya kizazi hicho ingali inavifuata viigizi vya leo, ingawa uwezo wa kompyuta umekua mara nyingi tangu wakati huo.

Mnamo 2006 Fractal Audio ya Marekani ilitoa Axe-Fx. Mwaka wa 2011 Christoph Kemper wa Ujerumani akazindua mashine iliyobadilisha namna ya kufikiri kuhusu kazi hii. Line 6 ilileta Helix mwaka wa 2015, na baadaye Neural DSP ya Finland ikatoa Quad Cortex, inayotumia mbinu za akili unde kujifunza tabia ya amplifaya.

Kwa sasa pana njia mbili kuu za kuiga, na mnunuzi hana budi kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni ya kukokotoa sehemu kwa sehemu. Wahandisi huchunguza mchoro wa amplifaya halisi, kisha huandika hesabu zinazoeleza kila valvu, kapasita na transfoma. Ni sawa na kuujua upishi wa chakula: aliye na mapishi anaweza kuongeza chumvi au kupunguza moto, na chakula kikabaki kuwa kile kile. Kitufe kikizungushwa, kiigizi cha aina hii hujaribu kubadilika kama amplifaya yenyewe ingebadilika.

Njia ya pili ni ya kunasa. Milio ya majaribio hupitishwa katika amplifaya halisi iliyorekebishwa vizuri, na programu hujifunza ni sauti gani iliyoingia na ni ipi iliyotoka. Hii ni sawa na kupiga picha. Picha nzuri ya mtu anayecheka humwonyesha vyema kuliko maelezo mengi, lakini haiwezi kugeuzwa ikawa ya mtu anayelia. Nakala iliyonaswa huwa sahihi sana katika hali ile iliyonaswa. Vitufe vikizungushwa mbali, uhalisi hupungua.

Kwa anayetaka sauti moja ya kuaminika kwa muziki wake, njia ya pili inafaa. Kwa anayepiga zilizopendwa leo, injili kesho na rumba keshokutwa, njia ya kwanza huenda ikamhudumia vizuri zaidi. Vyombo vingi vipya huchanganya zote mbili.

Kwa mwenye tarakilishi, kuna mlango usio na ada. Programu iitwayo Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, hutolewa bure, na watumiaji wake hubadilishana nakala za amplifaya mtandaoni. Kinachohitajika ni kifaa cha kuingizia sauti ya gitaa kwenye tarakilishi hiyo. Ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kutoa pesa nyingi.

Je, kuchelewa ndiko tatizo?

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya viigizi ni kuwa sauti huchelewa. Ni kweli, kwa kuwa kompyuta huhitaji muda wa kuhesabu. Lakini hoja hii inahitaji kupimwa kwa rula.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Hivyo, kila mita moja huchukua takriban milisekunde tatu, yaani sehemu tatu kati ya elfu moja za sekunde. Mchezaji aliyesimama mita tatu kutoka kwa amplifaya ya valvu husikia kila noti ikiwa imechelewa kwa karibu milisekunde tisa, na halalamiki.

Viigizi vingi vya kisasa vilivyoundwa kwa kazi hiyo pekee huchelewa kwa milisekunde chache tu. Hiyo ni sawa na kurudi nyuma hatua moja au mbili jukwaani.

Mambo hubadilika mtu anapotumia simu ya kawaida, tarakilishi isiyorekebishwa, au spika za masikioni zisizo na waya. Za Bluetooth huweza kuchelewa kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwa mtindo ambao gumba na kidole cha shahada hupishana kwa kasi, hilo ni janga. Mara nyingi anayesema "digitali haina mguso" huwa alikijaribu kiigizi kwa njia hiyo.

Kosa la spika

Lipo kosa jingine linaloharibu sifa za mashine nzuri, nalo hutokea hasa kanisani na katika kumbi za hoteli, ambako gitaa hupitishwa moja kwa moja katika miksa.

Kama ilivyoelezwa, spika ya gitaa hukata mikwaruzo ya juu. Spika za ukumbini hazifanyi hivyo. Zimeundwa kutoa kila kitu, kuanzia ngoma hadi sauti ya mhubiri. Kiigizi kikiunganishwa kwenye miksa bila kuwasha sehemu inayoiga sanduku la spika, sauti hutoka kama nyuki waliofungiwa ndani ya mkebe.

Kinyume chake pia ni kosa. Sehemu hiyo ikiachwa imewashwa, kisha kiigizi kikaunganishwa na amplifaya iliyo na spika yake ya gitaa, sauti huchujwa mara mbili na kuwa nzito kama iliyofunikwa blanketi.

Kanuni ni rahisi kukumbuka. Kinachoelekea kwenye miksa, sanduku la kuigwa liwashwe. Kinachoelekea kwenye amplifaya ya gitaa, lizimwe.

Anayepiga gitaa bila kifaa chochote katikati, yaani kutoka kwenye gitaa hadi kwenye tundu la kawaida la miksa, naye hujinyima ung'avu. Sumaku za gitaa huhitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, wa takriban omu milioni moja. Tundu la miksa mara nyingi huwa na ukinzani mdogo sana kuliko huo, na nyuzi nyembamba hufifia.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni kiwango cha sauti. Sikio la binadamu halisikii besi na sauti za juu vizuri pale sauti inapokuwa ndogo. Mchezaji anayerekebisha kiigizi chake chumbani usiku, kwa sauti ya chini, huviongeza vyote viwili bila kujua. Siku ya harusi, sauti ikipandishwa, besi huvuma na nyuzi nyembamba hupiga kelele. Marekebisho ya jukwaani sharti yafanywe kwa sauti ya jukwaani.

Jinsi ya kujaribu

Mnunuzi anayetaka jibu la kweli aende na gitaa lake mwenyewe, na achague sauti iliyo ukingoni mwa usafi, si yenye mkwaruzo mzito. Mwangwi na mapambo mengine yazimwe yote. Baada ya hapo afanye majaribio matano.

Kwanza, apige noti moja mara kumi, akianza kwa mguso wa unyoya na kumaliza kwa nguvu zote. Sauti ipande ngazi moja moja. Ikiwa kuna mahali inaporuka ghafla kutoka usafi hadi ukali, mguso wa valvu haujapatikana.

Pili, acheze besi ya gumba kwa nguvu huku kidole cha shahada kikicheza kwa upole. Katika amplifaya nzuri, sauti hizo mbili hubaki zikitofautishika hata zinapogusana. Zikiyeyuka na kuwa uji mmoja, kiigizi hicho hakitaubeba mtindo wa omutibo.

Tatu, apunguze sauti kwa kitufe cha gitaa lenyewe hadi nusu. Ukali uondoke, lakini uhai ubaki. Wachezaji wengi wa valvu huongoza onyesho zima kwa kitufe hicho bila kugusa amplifaya.

Nne, alinganishe vyombo viwili vikiwa na sauti inayolingana kabisa. Sikio hudanganyika upesi: chenye sauti kubwa zaidi, hata kwa kiasi kidogo, huonekana kuwa bora. Inafaa rafiki awe ndiye anayebadilisha vyombo, naye mchezaji ageuze uso ukutani asione jina.

Tano, akicheze pamoja na ngoma na besi ikiwezekana. Sauti nene inayopendeza chumbani mara nyingi humezwa na wenzake. Ile iliyoonekana nyembamba dukani ndiyo huenda ikapenya.

Majaribio haya hayahitaji chombo ghali. Kuna amplifaya za bei ya kadiri zenye kiigizi ndani na spika yake ya gitaa, mathalan Boss Katana iliyoingia sokoni mwaka wa 2016. Hizi humwondolea mwanamuziki kosa la spika lililotajwa, kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya sanduku moja. Yamaha nayo ilitoa THR10 mwaka wa 2011, ndogo ya mazoezi inayoweza kutumia betri nane, jambo lenye manufaa pale umeme unapokatika.

Umeme, ardhi na uhai

Kukatika kwa umeme ni jambo la kupangiwa. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliachwa gizani kwa saa nyingi, na hali hiyo ikajirudia kabla ya mwaka kwisha. Vyombo vingi vya kidijitali vina kigeuzi kinachokubali volti kati ya 100 na 240, kwa hivyo havisumbuki sana volti zinaposhuka. Hata hivyo, umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, vyombo hivyo huzimika na kuanza upya, huku waumini au wacheza ngoma wakingoja. Betri ya akiba, kama ile inayotumiwa kulinda tarakilishi ofisini, huzuia aibu hiyo.

Waya wa ardhini nao usipuuzwe. Mchezaji anayeshika nyuzi za gitaa huku midomo yake ikigusa kipaza sauti kilichounganishwa na chanzo kingine cha umeme anaweza kupigwa na umeme. Hatari hii ipo kwa valvu na kwa digitali. Jenereta ya kukodishwa, na soketi ambayo mguu wake wa tatu umekatwa, ni mambo ya kukaguliwa kabla ya nyuzi kulainishwa.

Valvu bado ina mahali pake. Mwenye studio asiyesafiri, mwenye umeme uliotulia na fundi anayejua kazi yake, hana sababu ya kuiacha. Vivyo hivyo, anayetaka sauti safi kabisa isiyokwaruza asijilazimishe kutafuta valvu. Roland JC-120, inayotumia transista na iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1975, imeheshimika kwa usafi huo kwa miongo kadhaa.

Lakini kwa mpiga gitaa anayetoka Kitale alfajiri na chombo chake kwenye matatu, akacheze Kanduyi mchana na kurudi usiku, kiigizi si chaguo la mnyonge. Ndicho kitakachomfikisha akiwa na sauti ile ile aliyoiandaa. Wahenga walionya kuwa usisafirie nyota ya mwenzio: chombo kilichomfaa mpiga roki wa Ulaya si lazima kilifae gumba la Mbukusu.

Kitakachoamua ni kile kipimo ambacho litungu lilikiweka kabla ya umeme kuja. Mkono ukibadilika, sauti ibadilike nao. Chombo kinachotimiza hilo, kiwe na kioo kinachong'aa ndani au hesabu tupu, kitamfaa mwenyewe. Kisicholitimiza kiachwe dukani, hata kama kina sauti mia mbili ndani yake.